Barua ya wazi kwa Magavana wa Akademi: tuambieni steringi (mhusika mkuu) ni nani

Kwa Baraza la Magavana,
Akademi ya Sanaa na Sayansi za Filamu,
Beverly Hills, California.

Waheshimiwa Magavana,

Salamu kutoka kwa wapenzi wa filamu wa Afrika Mashariki. Sherehe yenu ya Oscar siku hizi huanza saa kumi alasiri ya Jumapili huko Los Angeles. Kwetu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, na watu hukesha. Kabla usiku huo haujafika, ubishi huwa umeshapamba moto kwa miezi mitatu, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp: nani kaigiza kweli, nani kaonewa, filamu gani imesifiwa kupita kiasi.

Hatuwaandikii kulalamikia washindi. Sisi wenyewe tulioitunga barua hii hatuko upande mmoja. Wapo kati yetu wanaoamini hadi leo kwamba tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya mwaka 2024 ilikuwa haki ya Lily Gladstone, na wapo wanaosema Emma Stone aliibeba filamu yake peke yake tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, hakuwepo wa kumfikia. Ubishi wa namna hiyo ni mtamu, nasi hatutaki uishe. Unamlazimisha mtu arudi kuitazama filamu, ataje tukio, ataje jicho lilivyoinama na sauti ilivyokatika.

Kinachotuchosha ni ubishi wa aina ya pili, ambao hauhusu uigizaji hata kidogo. Kwa nini fulani kawekwa kwenye kundi la wasaidizi wakati hadithi nzima ni yake? Filamu ile imeshindaje wakati hatumjui mtu aliyeiweka namba moja? Waliopiga kura waliitazama kweli? Ubishi huu huzaliwa na kanuni zenu, kila mwaka unaumeza ule wa kwanza, na dawa yake mnayo ninyi.

Tuanze na kundi la wasaidizi, maana huko ndiko kwenye donda.

Tuzo za waigizaji wasaidizi zilianza kutolewa katika sherehe ya Machi 1937, kwa filamu za mwaka 1936. Walter Brennan na Gale Sondergaard ndio waliofungua pazia. Miaka hiyo ya mwanzo msaidizi hakupewa hata sanamu, alipewa kibao. Sanamu kamili ilikuja mwaka 1944. Nia ilikuwa inaeleweka: kuwaona wale ambao bila kundi hilo wasingeonekana kamwe. Mpishi wa nyumba kubwa, jirani mbeya, mjomba anayetokea mara tatu na kila akitokea filamu inapata uhai. Mwaka 1977 Beatrice Straight alishinda kwa kuonekana takriban dakika tano tu katika Network. Ndiyo kazi ya kundi lile.

Kanuni ilianza kuvuja mapema. Barry Fitzgerald, kwa padri mzee wa Going My Way, aliteuliwa mara mbili kwa uigizaji uleule mmoja, kama mhusika mkuu na kama msaidizi. Mwaka 1945 akashinda kama msaidizi, huku mwenzake wa filamu hiyohiyo, Bing Crosby, akishinda kama mhusika mkuu. Mkaliziba tundu hilo: tangu hapo uigizaji mmoja hauwezi kuteuliwa katika makundi yote mawili. Lakini swali la msingi, nani hasa anaamua kwamba mhusika ni mkuu au ni msaidizi, mliliacha mikononi mwa kila mjumbe wa tawi la waigizaji, aamue peke yake wakati anajaza karatasi ya kura.

Kwa maandishi inapendeza. Tazameni inavyokwenda kwa vitendo.

Wajumbe huandika majina kwa kuyapanga, la kwanza hadi la tano. Tuseme karatasi zilizorudi ni 1,200 na nafasi ni tano. Mnagawa 1,200 kwa sita mnapata 200, mnaongeza moja: kizingiti cha kuteuliwa ni 201. Sababu ya kugawa kwa sita ni hii: watu watano wakifikisha 201 kila mmoja wamechukua kura 1,005, zinabaki 195, na hakuna wa sita anayeweza kufika. Hesabu ni safi, hatuna ugomvi nayo. Inaeleza hata jambo lililowashangaza wengi mwaka 2023, Andrea Riseborough alipoteuliwa kwa filamu ndogo ambayo watu wengi hawakuwa wameisikia. Hazihitajiki kura elfu kuteuliwa. Zinahitajika karatasi mia chache zenye jina lako juu kabisa, na waigizaji wenzake walimpigania hadharani wakazipata. Mliichunguza kampeni ile na uteuzi ukabaki.

Sasa chukueni mwigizaji ambaye studio inamtangaza kama msaidizi, ilhali kila mwenye macho anaona ni mhusika mkuu. Anapendwa na wajumbe 300. Nusu yao, watu 150, wanafuata tangazo na kumwandika kwa wasaidizi. Nusu nyingine wanafuata dhamiri na kumwandika kwa wakuu. Kura za makundi mawili hazijumlishwi. Kwa hiyo mtu mwenye wapenzi 300, wakati kizingiti ni 201, anaanza na 150 huku na 150 kule, na asipookolewa na karatasi za waliotolewa kwa kura chache, ambazo huhamia jina linalofuata, anaweza kutoka mikono mitupu. Wajumbe wanalijua hilo. Ndiyo maana wengi wanaandika kile tangazo la studio linachosema hata kama hawakiamini, wakihofia kumharibia mwigizaji wanayempenda. Uhuru mliompa mjumbe umegeuka mtego, na anayeamua kwa kweli ni ofisi ya kampeni ya studio.

Studio nazo zina sababu mbili. Ya kwanza ni kuwatenganisha waigizaji wakuu wawili wa jinsia moja wasigawane kura. Amadeus ilipeleka wawili, F. Murray Abraham na Tom Hulce, wote kwa wakuu, na Abraham akashinda mwaka 1985. Tangu hapo, zaidi ya miaka 40, hakuna filamu iliyoingiza waigizaji wakuu wawili wa kiume kwa pamoja. Kwa wanawake ya mwisho ilikuwa Thelma & Louise, mwaka 1992. Je, filamu za watu wawili zimekoma kutengenezwa? Sababu ya pili ni kwamba mtu mwenye saa nzima ya kuonekana akiwekwa kupambana na watu wa dakika kumi na mbili, ushindi uko karibu zaidi. Ana matukio ya kulia, ya kucheka, ya kugeuka, ya kujuta. Mwenzake ana mlango wa kufungua na sentensi nne za kusema.

Mifano tunayo, na hatuitaji kumkosea heshima mwigizaji yeyote, maana wote walifanya kazi kubwa. Viola Davis alimcheza Rose katika Fences jukwaani Broadway, akapewa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, kama mwigizaji mkuu mwaka 2010. Akamcheza Rose yuleyule kwenye filamu, na mwaka 2017 akapewa Oscar ya msaidizi. Rooney Mara alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes mwaka 2015 kwa Carol. Kwenu aliteuliwa kama msaidizi katika filamu inayoanza kutazama dunia kwa macho yake. Mwaka 2025 Zoe Saldaña alishinda kama msaidizi kwa Emilia Pérez, filamu ambayo mwanasheria anayemcheza ndiye anayetuingiza kwenye hadithi. Halafu kuna Judas and the Black Messiah. Studio ilimtangaza LaKeith Stanfield kama mhusika mkuu; wajumbe wakamweka kwa wasaidizi, pamoja na Daniel Kaluuya aliyeshinda mwaka 2021. Yuda ni msaidizi, na Masihi ni msaidizi. Basi hadithi ilikuwa ya nani?

Tunajua pia kwamba tawi la waigizaji likiamua linaweza kukataa. Kate Winslet alitangazwa kama msaidizi kwa The Reader na akashinda Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji katika kundi hilo. Ninyi mkamteua kama mhusika mkuu, akashinda mwaka 2009. Keisha Castle-Hughes, mtoto wa Whale Rider, alitangazwa kama msaidizi katika filamu ambayo bila yeye haipo, na wajumbe wakampeleka kwa wakuu. Mashabiki waliyafurahia maamuzi yote mawili. Lakini inapotokea kwa bahati, mwaka huu ndiyo na miaka mitano hapana, haiwezi kuitwa kanuni.

Kwenye mabanda ya video ya Tanzania lipo neno moja ambalo lingewasaidia: steringi. Mtu yeyote akitoka bandani, muulize steringi alikuwa nani, atakujibu kabla hujamaliza swali. Hahesabu dakika. Anajua ni nani yeye alikuwa akihofia asidhurike, nani aliamua mambo yakaenda yalivyokwenda, na nani alibaki kwenye picha wengine walipoondoka.

Mtazameni Patsey wa Lupita Nyong'o katika 12 Years a Slave. Hapo kundi la wasaidizi lilitumika lilivyokusudiwa. Tukio la sabuni linajulikana: Patsey amekwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni aoge, kwa sababu mke wa bwana wake amemnyima, na bwana, Epps, anamfunga kwenye nguzo. Anamlazimisha Solomon, mtumwa mwenzake na mhusika mkuu wa filamu, amchape, kisha anampokonya mjeledi na kuchapa mwenyewe. Mwongozaji Steve McQueen hakati picha. Kamera inazunguka kwa dakika kadhaa kutoka uso wa Patsey hadi mkono wa Solomon, hadi kwa mke wa Epps aliyesimama anatazama, ikirudi tena. Nyong'o ndiye anayeumia na ndiye usiyemsahau. Hata hivyo swali linaloulizwa na tukio hilo ni Solomon atafanya nini na atabaki mtu wa namna gani baada ya hapo. Na Solomon anapopata uhuru wake, gari linaondoka, Patsey anabaki nyuma shambani, na kamera inaondoka na Solomon. Huyo ni msaidizi, na ukubwa wa kazi yake haubadilishi kundi lake. Tuzo aliyopewa Machi 2014 haikuzua ubishi wa kundi hata siku moja.

Kesi ngumu zaidi ni ya Idi Amin. Forest Whitaker alishinda kama mhusika mkuu mwaka 2007 kwa The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda kwenyewe. Kwa kipimo cha kamera, steringi ni yule daktari kijana wa Kiskoti aliyechezwa na James McAvoy: filamu inaanza naye kwao Uskoti na kumalizika naye akiiacha Entebbe, na Amin tunamwona kwa macho yake. BAFTA, watoaji wa tuzo za filamu za Uingereza, walimteua McAvoy kama msaidizi. Kama msaidizi wa nani, wakati ndiye yuko kwenye karibu kila tukio? Kati yetu wapo wanaosema Amin ndiye msaidizi hapo, kwa haki kabisa, na wapo wanaosema mtu anayejaza chumba hata akiwa hayumo hawezi kuitwa hivyo. Msimamo wetu wa pamoja ni kwamba filamu ile ina wakuu wawili. Kuogopa kusema hivyo ndiko kulikoleta mkanganyiko.

Kwa hiyo dakika pekee hazitoshi. Anthony Hopkins alionekana chini ya dakika 25 katika The Silence of the Lambs akashinda kama mkuu, na ni watu wachache wanaolia kwamba alidhulumu. Tunaowaomba ni utaratibu, nasi tumejaribu kuuandika hadi mwisho ili msiseme mashabiki wanajua kulalamika tu.

Undeni kamati ya watu 11 ndani ya Akademi: waigizaji watano, wachaguzi wa waigizaji watatu, wahariri wa picha watatu. Tawi la wachaguzi wa waigizaji mnalo tangu mwaka 2013, na wao ndio wanaojua kila nafasi iliajiriwa kama nini. Wahariri wanahitajika kwa sababu ndio waliokaa na filamu wiki baada ya wiki wakiamua kamera ibaki na nani. Kila studio inayotaka mwigizaji wake afikiriwe ilete jedwali la matukio: tukio namba fulani, linaanza dakika ipi, linaisha ipi, nani yumo. Hesabuni muda wa tukio ambalo mhusika yumo, awe anaonekana au anasikika, maana ukihesabu sura pekee mtabishana juu ya mgongo na kivuli. Kisha mlinganisheni na mwenye muda mrefu kuliko wote katika filamu hiyohiyo. Mwenye robo tatu ya muda huo au zaidi achukuliwe kuwa mkuu hadi ithibitishwe vinginevyo. Asiyefikia theluthi achukuliwe kuwa msaidizi hadi ithibitishwe vinginevyo. Aliye katikati, kamati itazame filamu na kujibu maswali mawili: uamuzi wa nani ndio unaogeuza hadithi, na mtazamaji anajua mambo kupitia kwa nani? Hopkins wa kesho atapita kwa rufaa. Rufaa iwe ya siku saba, mara moja tu. Orodha kamili itangazwe siku kumi kabla ya kura za uteuzi kufunguliwa, kila jina na sababu yake kwa sentensi mbili.

Mtu atasema kamati itakosea. Itakosea, ndiyo. Lakini itakosea hadharani kwa sababu zinazosomeka, na mjumbe hatagawa tena kura za mtu anayempenda bila kujua. Wala si jambo geni. Tony wana kamati ya namna hiyo: aliyeandikwa juu ya jina la mchezo ni mkuu, aliye chini yake si mkuu, isipokuwa kamati iamue vingine, na maamuzi hutangazwa msimu ukiwa unaendelea. Emmy, tuzo za televisheni, nao waliweka mstari kwa waigizaji wageni: asiwepo katika nusu ya vipindi vya msimu au zaidi. Mstari ukishakuwepo, watu wanabishana juu ya kazi.

Jambo la pili ni hesabu ya Filamu Bora.

Tangu sherehe ya mwaka 2010 mnatumia kura za kupanga. Mjumbe anapanga filamu kumi, ya kwanza hadi ya kumi. Mnahesabu namba moja; ikikosekana yenye zaidi ya nusu, ya mwisho inatolewa na karatasi zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata, hivyo hivyo hadi moja ivuke nusu. Mashabiki wengi wanadhani ni pointi, kumi kwa wa kwanza na moja kwa wa mwisho. Siyo. Karatasi haiguswi hadi namba moja wake atolewe. Na aliyeandika filamu moja tu akaacha tisa tupu, filamu hiyo ikitolewa karatasi yake imekwisha kazi.

Tuseme karatasi ni 9,000 na zimebaki filamu tatu. Filamu A ina 3,600, B ina 3,000, C ina 2,400. C inatolewa. Kati ya watu wake 2,400, waliopendelea B kuliko A ni 1,600, waliopendelea A ni 800. A inafika 4,400, B inafika 4,600, na B imeshinda ingawa ilikuwa nyuma kwa kura 600 raundi moja iliyopita. Hakuna aliyeibiwa. B ndiyo ambayo watu wengi zaidi waliikubali mbele ya mpinzani wake.

Ukimweleza shabiki hivyo, anaelewa. Asichoelewa ni kwa nini alazimike kukisia tu. Mwaka 2022 CODA iliingia na uteuzi mara tatu ikashinda zote tatu, ikiwemo Filamu Bora. The Power of the Dog iliingia na 12 ikapata moja, ya mwongozaji Jane Campion. Mwaka 2019 Green Book iliishinda Roma. Mwaka 2016 Spotlight ilishinda Filamu Bora na mswada halisi, basi. Kila mmoja ana nadharia yake: karatasi zilihama kutoka wapi, watu walikasirikia kampuni gani ya kurusha filamu kwenye intaneti, nani alipendwa kidogo na watu wengi, na nani alipendwa sana na watu wachache. Nadharia zote haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, kwa sababu hesabu imefungiwa.

Tunaomba mtoe jedwali la raundi za Filamu Bora baada ya miaka mitano. Raundi ya kwanza kila filamu ilikuwa na ngapi, nani alitolewa, karatasi zilikwenda wapi. Miaka mitano inatosha kupoza jeraha la aliyekuwa wa kumi, na filamu ni kazi ya mamia ya watu, haimwaibishi mtu mmoja. Majina ya waigizaji msiyaguse; hatutaki kujua ni nani alikuwa wa tano. Ninyi wenyewe mliwahi kuwa wazi kuliko hivi. Fredric March na Wallace Beery walipewa wote tuzo mwaka 1932 kwa sababu tofauti ilikuwa kura moja na kanuni ya siku hizo iliwahesabu kuwa wamefungana, na dunia ikaijua kura hiyo moja. Na usiku wa Februari 26, 2017, bahasha isiyo yake ilipofunguliwa na La La Land kutangazwa badala ya Moonlight, wahesabu wenu wa PwC walieleza kila kitu: kwamba bahasha huandaliwa seti mbili, moja kila upande wa jukwaa, na kwamba wawasilishaji walipewa nakala ya pili ya bahasha ya tuzo iliyotangulia. Watu walielewa kwa sababu walielezwa.

Hapohapo kuna jambo linalotushangaza zaidi ya yote. Kura za kupanga mnazitumia kuteua, na kumaliza Filamu Bora. Kwa waigizaji raundi ya mwisho ni kura moja, na mwenye nyingi anashinda. Kwa karatasi 9,000 na wateule watano, mtu anaweza kushinda na 1,801 tu, yaani watu wanne kati ya kila watano walimtaka mwingine. Mwaka wenye wagombea watatu wanaokaribiana, ubishi hauna dawa. Mpangilio mnaoutumia kwa filamu kumi ungekuwa mwepesi zaidi kwa majina matano. Upelekeni huko.

Kuhusu kutazama, tunawashukuru. Kuanzia sherehe ya 98 mjumbe hawezi kupiga kura ya mwisho katika kundi ambalo hajatazama filamu zake zote, na hilo lilitakiwa tangu zamani. Kwenye uteuzi haliwezi kufanyika hivyo: orodha yenu ya mwaka huwa na filamu zaidi ya 300, na kwa saa mbili kila moja ni saa 600, siku 25 bila kulala. Lakini mnaweza kumpangia kila mwigizaji mjumbe filamu 12 kwa bahati nasibu, azitazame ndipo karatasi yake ya uteuzi ifunguke. BAFTA, baada ya mapitio yao ya mwaka 2020, walianza kuwapangia wajumbe fungu la lazima. Filamu isiyo na bajeti ya kampeni haina mlango mwingine.

La mwisho linatugusa karibu. Katika tuzo ya filamu ya kimataifa mnataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Mwaka 2019 Lionheart ya Genevieve Nnaji, iliyoletwa na Nigeria, iliondolewa kwa sababu sehemu kubwa ni Kiingereza, lugha rasmi ya nchi hiyo. Ubishi ule bado haujapoa, nasi hatuwaombi muufungue wote hapa. Tunaomba mtuambie tu mnahesabuje. Kenya ilileta filamu yake ya kwanza mwaka 2012, Nairobi Half Life, iliyojaa Sheng. Tanzania ilileta Vuta N'Kuvute mwaka 2022, na hiyo Kiswahili chake hakina shaka. Lakini kijana wa Nairobi akisema "nimemshow hiyo job siitaki," mtaandika hiyo ni lugha gani? Mzizi wa kitenzi cha kwanza umetoka Kiingereza, lakini nafsi, wakati na mtendwa vyote ni Kiswahili. Mhesabu maneno atasema maneno mawili kati ya manne ni ya Kiingereza. Mhesabu dakika atakwama. Andikeni kwenye kanuni kwamba sentensi ni ya lugha ambayo sarufi yake ndiyo inayonyambua kitenzi. Ni kipimo ambacho mwalimu yeyote wa lugha anaweza kukitumia akiwa na mswada mkononi, na kitawahusu Nairobi, Kinshasa na Lagos sawasawa.

Kanuni zenu hutoka upya kila mwaka. Ili kuwapunguzia kazi, kifungu cha kwanza tunachokiomba tumekiandika, mkirekebishe mnavyoona: "Kundi la kila uigizaji litaamuliwa na Kamati ya Makundi kabla ya kura za uteuzi, kwa kuzingatia muda wa matukio, mtazamo wa hadithi na uamuzi unaoigeuza. Filamu moja inaweza kuwa na wahusika wakuu zaidi ya mmoja wa jinsia ileile. Uamuzi na sababu zake vitatangazwa hadharani, na karatasi za kura zitachapishwa kwa kuufuata."

Wenu,
Wapenzi wa filamu wa Afrika Mashariki